Mzazi wa Miaka Kumi na Mitano

Juzi nilipita nje ya shule ya msingi ya mtaa wetu, huku Annexe pembezoni mwa jiji, wakati wa mapumziko. Ukuta umepakwa rangi mpya. Nyuma yake watoto walikuwa wakimwimbia mwenzao jina la dhihaka, nami nikasimama kusikiliza.

Zamani mdogo wangu naye aliimbiwa hapo. Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha darasa la tano nikabeba beseni lake la samaki wakavu wa Kasenga kwenda kuuza. Nyumba yetu ilinuka moshi na samaki: mablanketi, madaftari, hata bukari, ugali wetu, ikitoka motoni. Mimi niliipenda harufu ile. Shuleni ilikuwa kosa, na wenzake walimwimbia:

"Kasamaki, nani anakuoshaka? Hauna mama."

Bibi, kabla hajatufia, alizoea kusema kwamba ngumi haina kinywa. Nilimfundisha mdogo wangu hivyo tukipanga samaki: taja kinachokuuma, mwambie mwalimu. Akamwambia. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni michezo ya watoto. Kesho yake kijana aliyeongoza wimbo alitoka damu puani, na mdogo wangu akafukuzwa: arudi na mzazi, la sivyo asirudi kabisa.

"Yaya, sitaenda tena ku masomo," aliniambia; yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Nitauzisha samaki na weye."

Hilo nililiogopa kuliko njaa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nikajifunga kikwembe cha mama, kitenge cha watu wazima, nikamshika mkono.

Ofisini tulimkuta mama wa yule kijana ameketi na mwanawe. Mwalimu akatazama mlango nyuma yangu.

"Muzazi iko wapi?"

"Njo miye," nilijibu, nikijigusa kifua.

Alicheka kidogo, akamwamuru mdogo wangu apige magoti. Nikamtangulia. Nilipiga goti mbele ya yule mama, nikagonganisha viganja polepole, kama wakubwa wetu wanavyoombana msamaha. Unajua desturi yetu: ukiombwa hivyo hunyamazi, nawe unajibu kwa makofi. Yule mama alisitasita, kisha akapiga viganja. Hapo alikuwa amenikubali, mbele ya mwalimu, kuwa mzazi mwenzake.

Sikuinuka.

"Mama, ya ngumi nimeomba. Ya maneno, nani ataomba?"

Alimgeukia mwanawe. "Piga viganja," akamwambia. Makofi yake yalikuwa mabaya, kama ya mtu anayeua mbu. Niliyapokea hivyo hivyo. Mwalimu akaandika jina langu penye nafasi ya mzazi.

Lile jina halikufa siku hiyo. Liliendelea kwa sauti ya chini, lakini mdogo wangu alimaliza darasa la sita, la mwisho la msingi, akiwa ameinua kichwa.

Siku hizi ni wachache wanaoombana msamaha kwa viganja; watoto wanaona ni mambo ya kijijini. Na wako wanaonihurumia, wakisema utoto wangu uliniponyoka. Haukuniponyoka. Niliuweka chini mwenyewe, mbele ya yule mama, na leo ningeuweka tena pale pale.