Chuma Kando ya Jicho

Siku yangu ya kwanza kazini kisiwani Mafia, Mganga Mfawidhi alinipeleka hadi mlango wa chumba cha eksirei, akanikabidhi ufunguo na onyo. "Picha haidanganyi, binti. Wanaodanganyana ni mpigaji na mpigwa." Nilikuwa nimetoka Njombe, bahari naijua kwenye ramani tu, nikacheka. Maneno yake nilikuja kuyaelewa nikiwa na mvi.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa mifupa: mkono wa aliyeanguka mnazi, mguu wa aliyegongwa na bodaboda. Kichwa nacho nilikipiga, lakini eksirei ya kichwa huonyesha bakuli tu, mchuzi huuoni.

Ndipo akaja Profesa wa chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, na wenzake wa chuo cha Ulaya. Walichunguza kifafa, na walileta MRI ndogo ya magurudumu, mashine inayopiga picha ya ubongo kwa sumaku. Mimi ndiye niliyelala kwanza kuijaribu. Nilipoinuka nikauona ubongo wangu kwenye kioo, mkunjo kwa mkunjo, na wakati huohuo mtu wa Ulaya alikuwa akiusoma kwenye mtandao. Jamani! Humo ndimo alimo marehemu mama yangu na baridi yote ya Njombe. Nililia, Profesa akanipa leso.

Kazi yangu ikawa kuwauliza watu maswali kabla hawajalala. Kubwa lilikuwa moja: una chuma mwilini? Sumaku huvuta chuma, hata kilichozama nyamani.

Shomari, mvuvi wa kisiwa jirani cha Juani, alikuja na kifafa cha miaka. Nilimwuliza palepale barazani, mbele ya foleni, na katika foleni walikuwamo askari wawili wa Hifadhi ya Bahari waliojitolea kupimwa.

"Sina chuma, mama," alisema, akitazama chini.

Nikaweka alama kwenye fomu. Alipokwisha kulala, kabla sijamsogeza kwenye sumaku, nikaona vidoa vyeusi shavuni mwake, kama mbegu za papai. Vidoa vya namna hiyo nilishaviona kwa wapiga baruti, wavuvi wanaolipua samaki kinyume cha sheria. Nikamwinua, nikamwingiza chumba changu cha eksirei, nikafunga mlango.

Picha ikatoka: kipande cha chuma, kando kabisa ya jicho la kulia. Kingevutwa, jicho lingekwenda.

"Mbona ulikana, mwanangu?"

"Mama, nikisema kipo, wale askari watauliza kimeingiaje. Baruti nimeacha zamani, wallahi. Lakini jela haiulizi umeacha lini."

Kosa lilikuwa langu. Nani akiri jambo kama hilo mbele ya askari? Nilimweleza Profesa habari ya chuma na ya swali nililouliza hadharani, baruti sikuitaja.

"Andika chuma kando ya jicho, basi," alisema. "Na kuanzia leo, maswali yaulizwe mlango umefungwa."

Shomari alianzishiwa dawa za kifafa. Kabla hajaondoka aliomba aone ubongo ulivyo, nikamwonyesha wangu.

"Na wangu uko hivi?"

"Hivihivi."

"Na wa askari?"

"Hivihivi, mwanangu."

Akainama karibu na kioo, akaanza kuifuata mikunjo kwa kidole.

Sasa nimestaafu. Ripoti ya vyuo viwili ninayo kabatini, na ndani yake Shomari ni mstari mmoja: mshiriki mmoja aliondolewa. Macho yangu yameingia ukungu, watu wa mbali siwatambui tena. Sokoni yeye ndiye huniona kwanza, tangu ng'ambo ya barabara: "Shikamoo, mama!"