Upepo Ulioingia Mlangoni

Minza alipofika mwaka wa mwisho wa uhandisi wa ndege, chuoni Mbeya, wenzake walichagua miradi upesi: mabawa, droni za kunyunyizia dawa mashambani. Yeye alitaka paa.

Msimamizi wake, Dokta Andendekisye, alivua miwani. "Binti, hapa tunasomea ndege."

"Bati likipigwa na upepo hunyanyuka kama bawa, Dokta. Kanuni ni ileile."

Hakumwambia kwamba ni paa la kwao. Wazazi wake, wafugaji waliotoka Usangu wakahamia Idodi, walikuwa wamejenga nyumba ya bati. Dhoruba ikaling'oa paa, boriti ikamwangukia Roza, mdogo wake, akafia njiani akipelekwa hospitali Iringa. Watu wakasema kuna mkono wa mtu. Wakamtaja Eveline, mjane jirani yao. Hata kisimani wakawa wanamkwepa. Minza alitaka upepo wenyewe ujibu.

"Jaribu kwanza," Dokta akakubali. "Ukikwama, rudi kwenye bawa."

Minza akaichora nyumba yao kwenye kompyuta, akaipulizia upepo wa hesabu. Mlango ukifungwa, paa lilistahimili. Ukifunguliwa, upepo ulijaa ndani ukalisukuma bati kwa chini, huku wa nje ukilivuta juu. Akarudia hesabu, akiomba awe amekosea. Jibu halikubadilika.

Siku ile ya dhoruba aliyefungua mlango ni baba yake, akiwakimbilia ndama.

Minza akaliacha paa, akaanza kuandaa mada ya bawa. Ndipo baba yake, mzee Masumbuko, akapiga simu.

"Upepo umesemaje, mwanangu?"

"Bado, Baba."

"Ni mlango, siyo?"

Minza akaifunga kompyuta.

"Niliusikia upepo ukiingia. Ulinipita kama ng'ombe walioona maji. Halafu wakamsema Eveline, nami nikanyamaza." Akakohoa. "Andika hivyohivyo."

Minza akapeleka mada ya paa, Dokta akaisaini.

Kule Idodi, Masumbuko alikwenda mwenyewe kwa Eveline, akayasema ya mlango mbele ya majirani. Eveline alimsikiliza akiwa amesimama, asimkaribishe kiti. Mama yake Minza, ambaye ndiyo kwanza anasikia, hakugombana na mtu. Alifunga nguo zake akaenda kwa dada yake Mbalizi, na Minza alipoanza kuandika sura ya kwanza ya mradi, mama alikuwa bado hajarudi.