Foronya ya Bawa

Rangi ya kucha inanuka ndege. Nichekeni mkitaka, lakini kwangu ndivyo ilivyo. Juzi nilikuwa namsuka binti yangu, kichwa chake katikati ya magoti yangu, naye amenyoosha mkono anapaka kucha zake nyekundu. Ile harufu kali, tamu, iliponipanda puani, nikawa tena mtoto wa miaka tisa, nimelala chali chini ya bawa la ndege, nasubiri ncha ya sindano itokeze juu ya pua yangu.

Tulikaa Changamwe, karibu sana na uwanja wa ndege, hata ndege ikipita tulikatiza mazungumzo tukangoja kelele ziishe. Baba alipakia mizigo huko. Mama, mzaliwa wa Kaloleni, alishona sare za shule na foronya za magodoro, na sifa yake mtaani ilikuwa moja: kukaza. Mshono wa Mama hauachii. Hata nywele zangu alizikaza. Kila Jumapili kabla ya kanisa alinisuka mpaka macho yakavutika, na nikilia aliniambia, "Ukitaka uzuri sharti udhurike, Sidi."

Basi likizo moja Baba akarudi na habari. Mzungu mmoja mzee, mzaliwa wa bara, alikuwa ametua na ndege yake ya kivita ya zamani. Akapanda ngazi kutazama mafuta, wakaanguka yeye na ngazi yake. Yeye akateguka kifundo cha mkono, ngazi ikatoboa bawa la chini. Bawa lenyewe lilikuwa la kitambaa, na mkono wa kulishona ndio huo umefungwa bendeji. Palitakiwa fundi.

"La kitambaa?" Mama alishtuka. "Mulungu wangu! Na watu wanapanda?"

Lakini tulipofika uwanjani, mimi niliipenda ndege ile palepale. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yameshikana kwa nguzo nyembamba na nyaya zilizopishana. Mzee alitueleza kwamba mabawa mawili mafupi yakifungwa pamoja yanakuwa magumu na mepesi, ndiyo maana ndege ile iliweza kugeuka mahali padogo mbele ya adui. Bawa la juu lilitangulia mbele kidogo, tena limekatwa pengo ili rubani aone juu. Kiti kimoja tu, wazi, upepo usoni. Na injini jamani! Haikufichwa. Ilikaa puani kabisa, silinda zimezunguka mhimili kama watu waliozunguka sinia ya pilau, kila moja na nafasi yake ya kupigwa na upepo, kwa kuwa ilipozwa kwa hewa tu, bila maji. Nyuma yake palikuwa na mifereji miwili ya bunduki zilizokwisha kuondolewa. Mzee alisema zamani risasi zilipita katikati ya pangaboi linalozunguka bila kuligusa, kwani injini yenyewe ndiyo iliyozipa zamu. Nilidhani ananidanganya. Leo najua ni kweli, na bado nastaajabu.

Kitambaa kilichoraruka kilibanduliwa, tukaona mbavu za mbao, nyembamba za kutia huruma. Mama akapima, akacheka. "Kumbe ni foronya tu!"

Akaishona, akaivuta kwa nguvu mpaka ikaingia, akaipiga kwa kidole ikalia kama ngoma. "Hapa hata wembe hauingii."

Mzee akatikisa kichwa. "Mama, hii imekaza sana."

"Imekaza, ndiyo. Ulitaka ilegee upeperuke nayo kama kanga kwenye kamba?"

 Mzee alichukua kipande kilichobaki, akakitandaza juu ya fremu ya vijiti, akakipaka dawa ya ndege, ile yenye harufu ya rangi ya kucha. Kufika alasiri kitambaa kilikuwa kimejivuta, na vijiti vimepinda kama upinde.

"Kukaza ni kazi ya dawa," alisema. "Wewe acha nafasi kidogo."

Mama alivitazama vile vijiti muda mrefu. Bawa likipinda vile angani, mzee hana pa kushika. Akachukua wembe akaanza kufumua, mshono baada ya mshono. Niliogopa. Sikuwahi kumwona Mama akifumua.

Foronya ya pili ilikaa na mikunjo kidogo, ikamuudhi kweli. Kisha tukaanza kuifunga kwenye mbavu, yeye juu, mimi chini, sindano ndefu ikipita bawa zima. Hatukuonana, niliona kivuli chake tu kwenye kitambaa.

"Sidi!"

"Abee, mama!"

Sindano ikashuka, nikaizungusha ng'ambo ya ubavu, nikaipandisha. Jioni mzee akapaka dawa, na mikunjo ikapotea mmoja mmoja mbele ya macho yetu.

Mkono wa mzee ulipopona, aliiwasha. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikanguruma mpaka kifua changu kikatetemeka. Ilipoacha ardhi, kucha za Mama zilinizama mkononi. "Ule ni uzi wangu," alirudia. "Ee Mungu, ule ni uzi wangu." Angani ikalala ubavu ikageuka, tukaliona bawa letu, limenyooka. Iliposhuka, Mama hakumwendea mzee. Aliliendea bawa, akalipapasa kwa kiganja mpaka mwisho.

"Halijapinda," alisema, akakaa chini akacheka huku analia.

Jumapili iliyofuata alinisuka, na kwa mara ya kwanza sikuumia. Nikadhani vidole vimemchoka.

"Umechoka, mama?"

"A-a. Tulia."

Miaka ikapita. Nilipomaliza shule nikataka kwenda bara kusomea ufundi wa ndege, majirani wakamjia: mtoto wa kike peke yake huko ataharibika, mkaze! Mama hakuinua macho kwenye cherehani. "Dawa ya kumkaza ataikuta hukohuko," alisema. "Mwacheni." Ndipo nilipofahamu kwamba vidole vyake havikuwa vimechoka Jumapili ile.

Juzi hiyo, basi, mkono wangu ukalegea wenyewe kichwani mwa binti yangu. Akageuka kunitazama.

"Mama, mbona leo hunivuti?"

"Tulia," nikamwambia. "Kucha zako hazijakauka."