Kinu Chini ya Dari

Nafundisha uuguzi wa akili katika chuo kimoja hapa Kindu, Kongo, na kila mwaka nawaambia wanafunzi neno lile lile: mgonjwa akichanganyikiwa, mwiteni kwa jina lake, kwa upole. Ni ushauri mzuri. Nimeutoa mara nyingi, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

Asubuhi moja wasichana wa bweni walikuja mbio kunitafuta. Mwenzao, msichana wa mwaka wa pili kutoka Tunda, kwa muda alikuwa halali wala hali. Sasa alikuwa amepanda ndani ya dari na hataki kushuka. Dari yenyewe ni ya mbao nyembamba zilizooza kwa mvua, na chini ni saruji. Akikosea pa kukanyaga, basi tena.

Tulimsikia tu, kumwona hatukumwona. Kitu kilikuwa kinajiburuta juu ya vichwa vyetu, kinatulia, kinajiburuta tena. Wenye vinywa hawakosekani: mmoja akasema ni uchawi, mwingine akataka mchungaji. Mlinzi alitaka kuleta polisi. Nilimkemea mpaka akavua kofia. Kisha nikafanya nilichosomea. Nikamwita kwa jina, taratibu, na rafiki zake wakanifuata.

"Shuka, dada, ni sisi tu. Hakuna mutu mubaya hapa."

Kila tulipomwita alisogea mbali zaidi, kwenye pembe ambapo mbao zilikuwa zimebonyea. Vumbi lilituangukia machoni. Halafu akanyamaza kabisa, hata pumzi hatukuisikia. Ukimya ule niliutambua.

Baba yangu alikuwa Mkasai aliyeletwa hapa na kazi ya reli, na nyumba yetu ilikuwa na dari. Wakati wa vita, askari walipokaribia, mama alitupandisha huko juu, mimi na dada yangu. Siku moja waliingia wakamwita dada kwa jina. Sijui nani aliwapa. Walimwita vizuri, kwa upole, kama watu wa nyumbani. Akashuka. Hatukumwona tena. Mimi, mdogo wake, nilibaki juu bila kuitika mpaka niliposikia mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Siku zile hakuna aliyethubutu kutwanga askari wakiwa karibu, maana mlio wa kinu uliwaambia kuna chakula. Kinu kikilia, ujue wamekwenda.

Huyu binti wa bweni wakati ule alikuwa hajazaliwa. Nani alimfundisha kutoitika, sijui. Kwetu mambo yale hayasimuliwi. Hata mimi, mwalimu wa akili za watu, sikuwahi kumsimulia mtu. Mganga hajigangi.

Niliwanyamazisha wote. Nikaazima kinu kwa mama anayewapikia wanafunzi, pamoja na majani ya sombe, nikasimama palepale chini ya dari nikaanza kutwanga. Walinitazama kama mimi ndiye mgonjwa, wala siwalaumu. Baada ya muda mbao zikalia huko juu, mlio ukaja upande wetu polepole, na miguu iliyojaa vumbi ikaning'inia kwenye tundu la kupandia. Tukampokea.

"Mama, walishaenda?"

"Walishaenda, binti yangu."

Alikuwa mwepesi mno mikononi mwangu, na nililia mbele ya wanafunzi wangu bila haya. Gari la hospitali lilikuwa linangoja nje. Kabla ya kuingia alinivuta karibu, akaninong'oneza:

"Kuko mutoto mwengine kule juu, mama. Mwanamuke, mudogo. Njo yeye alinifundisha kunyamaza."

Gari likaondoka naye, na wasichana wakalifuata hadi barabarani. Alitibiwa, leo anasoma, hata ananicheka anapokumbuka nilivyotwanga. Lakini siku ile nilirudi ndani peke yangu. Niliogopa, nasema kweli. Dari ilikuwa kimya. Kwa kuwa nilijua vizuri huyo mtoto anangoja kusikia nini, nikashika mchi, nikatwanga mpaka sombe ikawa uji.