Baba alivyokuwa akitoa upepo kwenye matairi ili Mama asiumie mgongo

Wakuu, za humu ndani. Wenye umri wa wajukuu zangu anzeni na shikamoo, halafu tuendelee. Nachapa kwa kidole kimoja na haya ninayosema yalitokea. Umri huu uongo wa nini?

Juzi kuna kijana humu kauliza kama kupima upepo wa tairi ni ushamba, maana gari lake lina sensor. Nikacheka. Kisha nikawakumbuka wazazi wangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nina miaka kumi na mmoja. Kwetu ni Akeri, juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa. Baba alikuwa amenunua gari dogo jeusi kutoka kwa mlowezi aliyekuwa anarudi kwao. Msidhani tulikuwa matajiri, mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani.

Mwaka huohuo Mama aliteleza na mkungu wa ndizi kichwani, akaumia uti wa mgongo. Ikawa kila Alhamisi lazima apelekwe hospitali Arusha mjini. Daktari alimwambia Baba waziwazi: akitikiswa vibaya tena, huenda asitembee.

Sasa ile njia ya kutoka kwetu hadi barabara kubwa ilikuwa mawe matupu. Kila jiwe, Mama anang'ata upindo wa kanga asipige kelele. Mimi nilikaa nyuma nimempakata kichwa, kwa hiyo niliona yote. Baba naye alikuwa anaona.

Ndipo akagundua ujanja wake. Matairi yakiwa na upepo kidogo, gari linakuwa laini, mawe hayaumi sana.

Basi kila Alhamisi alfajiri, kabla Mama hajatolewa ndani, Baba alizunguka gari na kijiti cha kiberiti. Anachuchumaa, anabonyeza valvu, sssss, anahamia tairi la pili. Akinikuta namtazama ananiambia, "Usimwambie mama yako."

Wanaume wa Kimeru wa wakati ule hawakuwa na maneno matamu, jamani. Sikuwahi kumsikia akimwambia Mama kwamba anampenda. Alichuchumaa tu kwenye umande.

Fundi wetu alikuwa Singasinga mmoja, Fundi Gurdit, gereji yake mjini, upande wa Themi. Mama akiwa hospitali, Baba alimpelekea gari. Kila akiangalia, matairi yamelika pembeni, katikati mazima. Siku hizo upepo tulihesabu kwa ratili.

"Bwana, hii gari nataka ratili ishirini na sita. Nani natoa?"

Baba anasema labda ni valvu. Maskini fundi akabadilisha valvu zote nne! Na Baba akishatoka gereji, kabla ya kufika hospitali, anasimama pembeni anatoa tena; tukisharudi nyumbani anajaza kwa pampu ya mkono mpaka Alhamisi nyingine.

Alhamisi moja Mama aliamka na maumivu kuliko siku zote. Baba akatoa upepo mwingi kupita kawaida. Njia ya mawe tukaivuka salama, lakini tulipoingia barabara kubwa akakanyaga mafuta ili tuwahi.

Wanaojua magari wameshaelewa. Tairi lenye upepo mdogo likikimbia linajikunja, linachemka. Tulipoipita Tengeru kidogo tu, la nyuma kushoto likapasuka. Gari likayumba, likaingia kwenye shamba la mahindi la watu.

Baba aliruka nje akafungua mlango wa nyuma.

"Mama Anasia, chezesha vidole vya miguu." Anasia ndiye mimi.

Mama ameng'ata upindo wa kanga.

"Chezesha, nakuomba."

Sijawahi kumsikia Baba akiomba kitu, si kabla ya siku ile wala baada yake.

Vidole vikacheza. Baba akaketi chini palepale kwenye mahindi akalia mbele yangu.

Lori lililokuwa linakwenda mjini likatupelekea ujumbe, na Fundi Gurdit akaja mwenyewe na tairi jingine. Akalishika lile lililopasuka, ubavu wote umeungua.

"Leo sema kweli, Bwana. Nani natoa upepo?"

Baba akainamisha kichwa. Mama akajibu akiwa amelala kule nyuma:

"Ni mimi, Fundi. Nilimwomba mume wangu. Mgongo wangu hauwezi mawe."

Wakuu, hakuwahi kuomba! Kumbe kila Alhamisi alikuwa anaisikia ile sssss akiwa kitandani, ananyamaza ili Baba abaki na siri yake. Na siku ile akajitwika kosa ili mumewe asiaibike.

Fundi alitutazama wote watatu. Sauti ikashuka.

"Mama, tairi hapana godoro. Godoro weka kwa kiti. Halafu tembea pole pole." Akajaza ratili zake ishirini na sita.

Tukashona godoro la sufi. Tangu hapo Baba alipima upepo kila Alhamisi asubuhi matairi yakiwa baridi, akaendesha mwendo wa ng'ombe. Baiskeli zilitupita. Tulibeba kibuyu cha loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, tukala njiani, Mama akisimulia umbea wa Akeri nzima, Baba akicheka peke yake kule mbele.

Nina watoto, nina wajukuu, nina nyumba yangu kule Sakina, Arusha, namshukuru Mungu. Lakini ningepewa Alhamisi moja tu ya zile, ningeacha vyote nikapande.

Mama alitembea kwa miguu yake miaka mingine sita. Ugonjwa mwingine ndio uliomchukua, bendera ya Mwingereza bado haijashuka.

Baba akaendelea kuendesha mwendo uleule. Siku moja, mimi sasa msichana mkubwa, magari yanatupigia honi, nikachoka nikamwambia, "Baba, ongeza mwendo kidogo. Nyuma hakuna mgonjwa."

"Najua, mwanangu," akasema.

Hakuongeza.

Somo langu ni dogo. Pimeni upepo asubuhi, gari likiwa halijatembea, na mfuate namba iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Msipunguze kwa huruma wala msiongeze kwa ubishi.

Haya, leteni za kwenu, kwenu nani alikuwa anapima? Na wewe ambaye mama yako bado anapanda gari lako, nenda polepole. Tutakusubiri kwenye comments.