Samahani Adeer, Nakula

Nakumbuka siku niliyopoteza ubao wa ludo wa nyumba yetu hapa Bulla Pesa, mwanangu, na hasira yake sijaimaliza mpaka leo.

Babu alirudi kutoka vita vya Burma na kifuniko cha sanduku la risasi. Askari Wahindi walikuwa wamemfundisha ludo, naye akaichora juu yake; kete zilikuwa vifungo vya sare, vimepakwa rangi nne. Kabla hajafariki aliacha neno: ubao ukae na anayeshinda, awe mwana au binti. Ukakaa kwa Ayeeyo, nyanya yangu, maana hakuna aliyemweza.

Miaka ya sabini, nikiwa na miaka kumi na tano, macho ya Ayeeyo yalififia, akasema nicheze mahali pake. Namba ya dadu tulikuwa tunamwitia kwa sauti. Ndipo ndugu ya baba, Adeer Guled, akaja kutoka Kulamawe.

"Ubao wa mzee utakaa aje na msichana?" alisema. "Kuja tucheze."

Kete yake ya mwisho ilikuwa karibu kufika. Nikarusha dadu, nikaita, "Nne!" Nne ilitosha kabisa kumla, yaani kuirudisha kete yake mwanzo. Nikatazama ndevu zake, nikaona aibu, nikasogeza kete nyingine. Adeer akamaliza, akaubana ubao kwapani, akaenda zake.

"Uliita nne," Ayeeyo alisema. "Mbona hukumkula?"

"Ni mzee, Ayeeyo."

"Salamu ni ya mzee. Chai ya kwanza ni ya mzee. Kwa ludo hakuna mzee! Babu yako nilikuwa namkula kila siku, na hakuniacha."

Nililia. Kisha nikatafuta rangi, nikaichora ludo upya kwenye mlango wa nyumba. Mlango haubebwi kwapani!

Adeer aliporudi kututembelea, tuliung'oa mlango tukaulaza chini. Nilimsalimia vizuri, nikampa chai ya kwanza, halafu nikamwambia, "Samahani Adeer, nakula." Nilimla mara tatu. Alisema sina adabu. Ubao hakuurudisha, na mimi sikumwomba, maana ubao wangu sasa ulikuwa mlango.

Mlango wenyewe ndio huu ulioingilia leo. Wape wakubwa heshima yao yote, mwanangu, lakini usiwape na haki yako. Wakikuita mkosa adabu kwa kuchukua kilicho chako, wamiminie chai, kisha urushe dadu. Mungu akupe mkono usiotetemeka, na mlango wako asipatikane wa kuubeba.