Mwanafunzi wa Nje ya Dirisha

Asubuhi nzima ilituishia kwenye sentensi moja. Tulikuwa katika ukumbi wa hoteli hapa Kitale, ule wenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, na sisi wataalamu wa elimu ya watu wazima tulikuwa tumekusanywa kutoka Trans Nzoia na Bungoma kuandika sera ya eneo letu. Sura ya kwanza ilitaka tuseme mwanafunzi ni nani. Mtu angedhani hilo ni jambo la kumalizwa kabla chai haijapoa. Lakini wafungie watu wenye shahada kwenye chumba kimoja, hata kijiko watakitafutia maana.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, kazi ya kile ambacho watu wa kwetu bado wanakiita ngumbaru, ingawa kwenye karatasi siku hizi tunaandika elimu ya kudumu. Nilikuwa na beji kifuani na kalamu ya bure mkononi, na nilikuwa nikimfikiria mama yangu. Wakati huo mama alikuwa mwanafunzi, na alikuwa akisomea nje.

Mama anaishi nje kidogo ya Sirisia. Alianza kisomo baada ya baba kufariki, na tangu mwanzo hakuficha alichokuwa anakitaka. Kusoma alikutaka, ndiyo, lakini zaidi alitaka cheti. Sebuleni kwake kuna ukuta wenye vyeti vyetu sisi watoto, vimewekewa vioo, na kati ya changu na cha kaka yangu kuna nafasi. Alikuwa ameshapigilia msumari pale.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama wa makamo kama yeye. Walielewana sana. Huyo alipostaafu hakuletwa mwingine, na ofisi ikaamua kituo chao kiunganishwe na kile kinachofundishia katika ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya kijito. Kwenye ramani vituo hivyo viwili vinakaribia kugusana. Tatizo ni kwamba mwalimu wa kituo cha pili ni mume wangu.

Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaingii chumba kimoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Wapo wanaolegeza siku hizi. Wanapeana zawadi mbele ya wazee na mambo yanaishia hapo. Mama si wa kulegezwa. Siku ya harusi yangu alikula wali wake nyuma ya jikoni, na mpaka leo anajua mume wangu ni mrefu kwa kuambiwa tu.

Jambo hili nililisema vituo vilipokuwa vinaunganishwa. Wenzangu walicheka, wala si kwa ubaya, na mmoja kutoka Bungoma akasema hata yeye akikutana na mama mkwe wake sokoni hukata kona. Mshauri wetu, mtu aliyeletwa kutoka Nairobi, akaliandika vizuri kabisa: vikwazo vya kitamaduni. Kisha akalipeleka kwenye kiambatisho cha rasimu ya sera. Huko ndiko mambo yanakokwenda kulala.

Mama alijitafutia njia. Alibeba kigoda chake, akakiweka nje ya ukumbi wa kanisa, chini ya dirisha, mgongo ukiegemea ukuta. Mume wangu akaanza kufundisha kwa sauti ya juu. Yaliyoandikwa ubaoni alinakiliwa wakati wa mapumziko na jirani yake aliyesomea ndani, na daftari la mama likawa linapitishwa dirishani, linasahihishwa kwa kalamu nyekundu, linarudishwa dirishani. Kila Ijumaa mume wangu aliporudi nyumbani kwetu Kitale aliniambia maendeleo yake kwa uangalifu, bila kumtaja. Alisema, yule wa nje sasa anasoma aya nzima.

Kwa hiyo pale hotelini nilijua tunazungumzia nini. Mshauri alisema tunahitaji kitu kinachoweza kuhesabika, la sivyo wanaotoa fedha hawatatuelewa. Sentensi ilipofika skrini ilisomeka hivi: mwanafunzi ni mtu mzima anayehudhuria masomo ndani ya darasa lililosajiliwa. Niliinua mkono nikauliza, na anayesomea nje? Mwenyekiti, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akauliza nje wapi.

"Nje ya dirisha," nikasema.

"Madam, tukilifungua hilo dirisha, hata wapita njia watakuwa wanafunzi."

Watu wakatabasamu. Nilieleza habari ya wakwe kwa mara ya pili, nikaeleza kwamba si mmoja tu, kwamba kuanzia Sirisia hadi Malakisi wapo wengi wa namna hiyo. Wakanisikiliza. Mshauri akanionyesha kiambatisho, akaniambia hoja yangu imo tayari. Mikono ikainuliwa, sentensi ikapita, tukaenda kula. Nakumbuka sambusa zilikuwa za moto. Nilikula mbili, nikazungumza na mtu wa Endebess kuhusu bei ya maziwa, na ndani yangu hapakuwa na hasira wala huzuni. Palikuwa na ganzi tu, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, isipokuwa mguu hatimaye huamka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Mkaguzi alifika kituoni, akawahesabu waliokuwa ndani, akaondoka. Mume wangu alimfuata mpaka kwenye pikipiki kumweleza habari za yule wa nje. Mkaguzi akasema anaelewa kabisa, yeye pia ana wakwe.

Mtihani wa kisomo ulipokaribia, mama alisikia jambo lililomfurahisha: siku ya mtihani mwalimu haruhusiwi kuwa darasani. Msimamizi hutoka kwingine. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza yaliyobaki, kwamba asiyehesabiwa ndani hasajiliwi kwa mtihani. Mimi nilipaswa kumweleza, nilimpigia simu, tukazungumza kuhusu mahindi yake na magoti yake, nikakata.

Ofisi ilinituma kituoni siku hiyo kama mwangalizi. Mume wangu alimkabidhi msimamizi ufunguo mapema, akaenda kusimama mbali kwenye kinu cha kusagia mahindi. Mama alihakikisha amekwenda, ndipo akaingia. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Hakukaa nyuma kama nilivyotarajia. Alipita katikati ya madawati, akakalia la mbele kabisa, akautazama ubao.

Ubao haukuwa umefutwa. Juu yake kulikuwa na somo la jana yake, habari za kuhifadhi mbegu. Mama alilisoma lote, midomo ikicheza, polepole, mstari kwa mstari, na alipofika mwisho akanigeukia.

"Ana mwandiko mzuri huyu mtu," akasema.

Msimamizi alianza kugawa karatasi. Alipofika kwake akasita, akatazama orodha yake ya majina, akamuuliza jina mara mbili. Kisha akanijia nilipokuwa nimeketi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyo mama ni mwanafunzi wa hapa. Nikasema ni mwanafunzi wa hapa. Akauliza mbona basi hayumo. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa, akasema sera ni yetu sisi wenyewe wa ofisi, yeye angefanya nini. Mama alikuwa anatusikia. Masikio yake ndiyo yaliyosoma muda wote huo, hayakosi kitu.

"Si leo niko ndani?" akamuuliza msimamizi.

"Leo uko ndani, mama. Lakini zile siku zingine zote hukuwa."

"Zile siku zingine mwalimu alikuwa ndani."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Ilikuwapo karatasi ya ziada, nikamwomba ampe, akampa, akisema waziwazi kwamba hiyo haitakwenda na nyingine. Mama aliitikia kwa kichwa. Aliufanya mtihani wote, akainuka na wenzake, na msimamizi alipozifunga karatasi za wengine kwenye bahasha, ya mama akanipa mimi mkononi.

Ijumaa jioni mume wangu aliisahihisha mezani kwetu, tukiwa tumeshasogeza sahani za ugali. Aliisahihisha kwa kalamu nyekundu kama siku zote, akarudia swali la hesabu mara mbili ili asimwonee wala asimpendelee. Mama alikuwa amefaulu. Mume wangu akaifunika kalamu, akaniuliza aliketi wapi.

"Mbele," nikamwambia. "Karibu na ubao."

"Sikuwa nimeufuta."

"Aliusoma."

Akauliza kama ile sentensi bado inaweza kubadilishwa. Nikamwambia imeshachapishwa, ina jalada la kijani, labda itakaporudiwa. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

Jumapili nilimpelekea mama karatasi yake. Aliitazama alama ile nyekundu kwa muda, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Nilimwambia cheti hakitakuja. Akasema alijua tangu pale darasani, na kwamba nisijisumbue, chai inapoa. Msumari bado upo ukutani. Sasa ameutundikia miwani yake.

Nilipokuwa ninaondoka alinifuata mpaka barabarani. Aliuliza kama kesho masomo yapo. Nikasema yapo.

"Basi mwambie apaze sauti zaidi," akasema. "Mvua ikipiga mabati, mimi kule nje sisikii."

Nikasema nitamwambia, na nilimwambia. Tumekuwa na vikao vingine tangu hapo, katika hoteli ile ile, tukipanga namna ya kuitekeleza sera. Alasiri mvua ya Kitale hushuka bila kubisha hodi, na mtu aliye mbele huendelea kuzungumza. Mimi huwa sisikii tena anasema nini. Nakaa ndani, pakavu, nikihesabiwa.